Zamu ya Doto

Kama kuna jambo ambalo Bibi Eufrazia hakuwahi kulivumilia maishani mwake, ni kuona pacha mmoja anapewa kitu na mwenzake anabaki kutazama. Mengine aliyavumilia. Alimvumilia mume aliyekoroma miaka thelathini na nne, akamvumilia jirani wa Gongo la Mboto anayefungulia singeli watu hawajanawa uso, na sasa alikuwa anakivumilia kiti cha plastiki cha wodi ya watoto njiti, kiti chenye mguu mmoja mfupi kilichomyumbisha kila alipogeuka. Lakini hilo la mapacha, hapana.

Na alikuwa na sababu zake. Yeye mwenyewe ni pacha, alizaliwa Masasi muda mfupi baada ya dada yake Monica, na hadithi ya viatu hakuna asiyeijua katika ukoo ule. Baba yao alirudi kutoka mnadani na jozi moja tu ya ndala nyekundu, akampa Monica kwa kuwa ndala za Monica ndizo zilizokuwa zimekatika. Eufrazia akashikwa na homa siku tatu mfululizo, hali wala hanywi. Siku ya nne baba akapanda baiskeli, akaenda kuleta jozi ya pili, na mtoto akaamka akaomba ugali. Daktari yeyote angesema ile ilikuwa malaria tu na siku zake zilikwisha. Bibi Eufrazia angemjibu daktari huyo akazae mapacha kwanza ndipo waongee.

Sasa mapacha wamekuja tena, safari hii kwa binti yake Otilia. Walitolewa kwa upasuaji wiki saba kabla ya siku zao, wasichana wawili, katika hospitali moja huku pembeni mwa jiji, upande wa barabara ya Pugu. Baba yao, Ferdinand, fundi wa mitambo ya umeme kule Kinyerezi, alikuwa bado anapekua majina na kuyakataa mwenyewe, kwa hiyo wodi nzima iliwaita Kulwa na Doto, kama wanavyoitwa mapacha wengi wa nchi hii wakubali wasikubali. Kulwa, aliyetangulia, alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu. Doto alikuwa na kilo moja na mia nane, na wamama wa wodi ile walimwita Bonge. Hapo ndipo ujue wembamba wa wenzake ulikuwaje.

Baada ya siku chache katika chumba cha mashine za joto, ndani ya vile visanduku vya kioo, walihamishiwa wodi ya kangaruu. Humo hakuna mambo makubwa. Mtoto anavuliwa kila kitu isipokuwa nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha anafungwa hapo kwa kitenge, na kifua cha mtu kinakuwa ndiyo mashine ya joto. Kwa kuwa Otilia alikuwa na kidonda cha upasuaji na watoto ni wawili, mama yake aliruhusiwa kukaa naye. Bibi Eufrazia alikuwa na kifua kipana chenye joto la jiko la mkaa, na tangu siku ya kwanza alijua kwamba hapa kuna kazi aliyoumbiwa. Aliipenda ile wodi. Aliupenda uji wa saa nne, alipenda siku za mizani ambapo gramu ishirini zilipigiwa vigelegele, alipenda kujua habari za kila kitanda bila kuuliza sana. Otilia alisema mama yake hajawahi kunenepa kama alivyonenepea hospitali.

Kilichomharibia furaha yake ni mkanda.

Uliletwa Jumatatu na Nesi Revelian, kijana wa Bukoba aliyeongea Kiswahili kilichonyooka kama anasoma taarifa ya habari. Ulikuwa mkanda laini wa kuzungushia kifua cha mtoto, unaoshikana kwa kunata, na katikati una kitu duara chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Hauna waya hata mmoja. Kile kifungo kinasikiliza mapigo ya moyo, pumzi na joto la mtoto, kisha kinazirusha habari hizo hewani mpaka kwenye kishikwambi kilichosimama juu ya meza ya manesi, na mtoto akisahau kupumua, kishikwambi kinalia. Revelian alikuwa amefanya kazi miaka tisa ya kuzunguka kitanda hadi kitanda akishika miguu ya watoto kuona kama imepoa, na sasa aliionea fahari ile mikanda kama mtu aliyeoa juzi.

Akamfunga Kulwa, akatabasamu, akageuka aende zake.

"Na wa Doto uko wapi?" akauliza Bibi Eufrazia.

"Doto hahitaji, bibi. Tuna mikanda minane na watoto wako kumi na wanne. Tunawafunga waliopungua kilo moja na nusu."

"Hawa mapacha, baba."

"Najua, bibi. Mimi ndiye niliyewapima."

"Basi unajua hawabaguliwi."

"Habaguliwi mtu hapa. Doto ana afya. Ni jambo la kufurahia hilo."

Bibi Eufrazia hakulifurahia. Tena lilimchoma zaidi kwa sababu lilikuja juu ya jingine. Wodi nzima ilimwita Otilia "Mama Kulwa", na yeye mwenyewe "Bibi Kulwa", kana kwamba Doto alikuja kusindikiza tu. Dawa zilitajwa kwa Kulwa, daktari alisimama kwa Kulwa, na sasa hata kidude cha kisasa kimekwenda kwa Kulwa. Alimtazama Doto aliyelala amekunja ngumi, akaona kabisa kwamba mtoto amenuna.

"Mama, usianze," Otilia akamwambia, maana alimjua.

"Mie nimesema nini?"

"Hujasema. Ndo nakwambia usianze."

Jumatatu hiyo alijikaza. Lakini Jumanne alipowachukua mapacha mchana, moyo ulimshinda.

Ratiba yao ya mchana ilikuwa hivi: Otilia akishanyonyesha na kula, analala kuanzia saa saba mpaka saa kumi, kwa amri ya daktari, kidonda kipate kupona. Muda huo bibi anawabeba mapacha wote wawili kwa pamoja, mmoja ziwa la kulia na mmoja la kushoto, kitenge kimewafunika hadi masikioni. Mtu akipita anaona kofia mbili tu. Otilia alipoanza kupumua kwa nguvu za usingizi, Bibi Eufrazia aliingiza mkono ndani ya kitenge, akaubandua mkanda kwa Kulwa taratibu, akamzungushia Doto. Kazi yenyewe haikuzidi kumenya kitunguu.

"Zamu yako," akamnong'oneza. "Usiwaambie."

Doto akapiga chafya. Bibi akaona ndiyo shukrani yenyewe.

Hakuona ubaya wowote. Nusu siku huyu, nusu siku huyu. Kabla ya saa kumi aliurudisha kwa Kulwa na hakuna aliyejua. Tena kwa hesabu yake alikuwa anaisaidia hospitali, maana mkanda mmoja sasa ulihudumia watoto wawili.

Ila saa nane na nusu siku ile ile, kishikwambi kililia.

"Bibi Kulwa!" Revelian aliita kutoka mezani, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika mtoto wa kitanda kingine aliyekuwa anawekewa mrija wa puani. "Kulwa anapumua?"

Moyo ukamlipuka. Akawatikisa wote wawili ndani ya kitenge, akachungulia. Kulwa alikunja uso. Doto alivuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeamshwa ghafla, akalia kidogo.

"Wanapumua wote!" akajibu.

Kishikwambi kilikuwa kimeshanyamaza. Revelian akakitupia jicho, akaona namba zimerudi mahali pake, akaendelea na mrija wake. Bibi Eufrazia alikaa akitafuta maana ya jambo lile, na maana aliyoipata ilimridhisha kabisa: mkanda umezoea kifua cha Kulwa, umehamishwa, unalalamika. Mbona hata kuku ukimhamishia banda jipya anapiga kelele?

Jumatano ulilalamika mara mbili. Alhamisi mara mbili tena. Kila mara nesi wa zamu aliita, bibi akawatikisa, akachungulia, akajibu "Wanapumua!", na ukimya ukarudi. Alishaanza kuongea na ule mkanda. "Nyamaza wewe, ni zamu tu," aliuambia, halafu akaendelea na wimbo wa kulalia aliokuwa anawaimbia, ule wa kwao kusini wenye beti nyingi kuliko usingizi wa mtoto yeyote. Jioni Ferdinand alikuja na chakula, akamwamkia mama mkwe wake kwa heshima zote, akaenda kusimama mbele ya kishikwambi.

"Hata sie kazini tunayo kama hii," akasema. "Sema yetu inaangalia mitambo."

"Na mtambo ukiwa mzima mnauangalia?" akauliza Bibi Eufrazia.

"Yote, mama. Ule mzima ndo unaokuangushaga."

Bibi akamwangalia Otilia kwa jicho la kusema unaona. Otilia akajifanya anatafuta kijiko.

Ijumaa asubuhi akapita Daktari Tahera. Alikuwa daktari wa watoto, mwanamke wa makamo, mwembamba, mtandio wake umefungwa vizuri na miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo, na wodi nzima ilimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Alikaa kitandani pa watu. Aliwaamkia wazee kabla ya kugusa faili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi, tunashukuru Mungu."

Halafu akakishika kishikwambi alicholetewa na Revelian, akaanza kuvuta picha za siku zilizopita kwa kidole, na uso wake ukabadilika. Akarudisha nyuma. Akavuta tena.

"Hii ni ajabu," akasema. "Usiku mzima Kulwa yuko vizuri. Asubuhi vizuri. Lakini Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kila mchana kati ya saa saba na saa kumi anaacha kupumua. Sekunde ishirini, ishirini na tano. Moyo nao unashuka. Jana moja ilifika thelathini. Kilipolia mlifanya nini?"

"Tuliita, bibi akasema anapumua, na namba zilikuwa zimerudi," Revelian akajibu. Sauti yake ya taarifa ya habari ilikuwa imepungua nguvu.

"Mchana nani anambeba?"

Wote wakamgeukia Bibi Eufrazia.

Daktari Tahera alimweleza kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza. Alisema si kosa la mtu. Alisema watoto wawili kifua kimoja wakati mwingine wanabanana, na yule mdogo shingo yake inakunjika, hewa inakosa njia. Kwa hiyo kuanzia leo bibi asiwabebe tena wote wawili. Kulwa atarudishwa kwenye chumba cha mashine za joto, atawekewa sindano ya mkononi, ataanzishiwa dawa ya kuamsha pumzi, na kunyonya kutasimama kwanza mpaka waone anaendeleaje.

Otilia akaanza kulia bila sauti. Alikuwa amehesabu siku. Kulwa alikuwa ameongezeka gramu mia na kumi, alikuwa ameanza kushika ziwa mwenyewe, na sasa anarudi nyuma kule kwenye kioo.

"Mama," akasema, hamtazami mama yake, "ulikuwa unambana?"

Jamani. Bibi Eufrazia aliwahi kuambiwa maneno mengi maishani mwake, mengine na mawifi. Hakuna lililoingia kama lile. Kifua hiki hiki kilichomlea Otilia mwenyewe ndicho kinachoulizwa leo kama kimembana mtoto. Neno moja tu lingemsafisha, na neno hilo hilo lingemfukuzisha, kwa maana mtu anayechezea vyombo vya hospitali hawezi kuachwa wodini, na akifukuzwa yeye nani atambeba wa pili? Ferdinand yuko kazini. Otilia ana kidonda. Akaamua kunyamaza. Dawa kidogo haijamuua mtu, akajiambia, na Kulwa atarudi Jumatatu.

Revelian akaleta trei. Akaushika mkono wa Kulwa, mkono usiozidi kidole gumba cha mtu mzima, akaanza kutafuta mshipa. Kulwa akafumbua macho. Hakulia, alitazama juu tu, kwa ule mtazamo wa watoto njiti wa kushangaa kila kitu, na sindano ikasogea.

"Mwache," Bibi Eufrazia akasema. "Mwache huyo. Hana kitu."

"Bibi, tafadhali, tufanye kazi."

"Nakwambia hana kitu! Mchana mkanda haukuwa kwake. Nilimvalisha Doto."

Revelian aliiweka sindano kwenye trei.

Basi akasema yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Akasema habari ya mapacha kutobaguliwa, na Monica, na ndala, na zamu za nusu siku. Alisema mkanda ulikuwa unalia kwa sababu umehamishwa tu, kwa hiyo hakuna mgonjwa hapa, watoto wote wazima, na kama kuna wa kuadhibiwa ni yeye, yuko tayari, ila Kulwa asichomwe. Alipomaliza alisubiri kelele. Alikuwa ameshakunja uso kuzipokea.

Revelian ndiye aliyeanza. "Bibi! Siku tatu! Unajua data za siku tatu..."

"Subiri," Daktari Tahera akasema.

Alikuwa amesimama. Miwani ameivua. Hakuwa anamtazama bibi wala Kulwa, alikuwa anamtazama Doto, aliyelala kitandani amefunikwa vizuri, shavu limejaa, hana mkanda, hana mrija, hana chochote.

"Mkanda ukihamishwa haulalamiki, bibi," akasema taratibu. "Hauna akili hiyo. Unasema unachokisikia. Kama mchana ulikuwa kwa Doto, basi anayeacha kupumua ni Doto."

Ilichukua muda neno hilo kufika. Lilipofika, Bibi Eufrazia akakishika kitanda.

Walimfunua Doto, wakamfunga mkanda pale pale, wakamlaza chali juu ya kitenge cha Otilia. Kishikwambi kikawekwa miguuni. Wote wanne wakasimama kuzunguka kitanda. Doto alilala. Tumbo lake dogo lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, mstari kwenye kioo ukipanda na kushuka nalo. Dakika tano. Dakika kumi. Wamama wa vitanda vya jirani wakaanza kunyoosha shingo. Bibi Eufrazia alijikuta anaomba mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtoto asiache kupumua, na kwamba kama anaacha basi aache sasa hivi, mbele ya daktari.

Dakika ya kumi na saba tumbo lilishuka na halikupanda.

Hakuna kilichobadilika usoni mwa Doto. Hakujinyonganyonga, hakukohoa, hakugeuka. Alilala tu, amependeza kama alivyokuwa, na mstari kwenye kioo ukanyooka. Mtu aliyesimama pale angeapa mtoto amezama usingizini. Bibi Eufrazia alitazama tumbo lile lililotulia, na hapo ndipo akaelewa kila kitu kwa mara moja: kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa Jumanne, na Jumatano, na jana, chini ya kidevu chake, ngozi yake ikigusa ngozi ya mtoto, na yeye akiendelea na beti za wimbo.

Kishikwambi kikalia. Daktari Tahera akausugua unyayo wa Doto kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili, na Doto akavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeamshwa ghafla, akalia kidogo.

"Ndivyo anavyofanyaga," Bibi Eufrazia akasema kwa sauti ndogo sana. "Nikimtikisa. Ndivyo anavyofanyaga."

"Basi wewe ndiye uliyekuwa unamwamsha," daktari akasema.

Mengine yalikwenda mbio. Doto ndiye aliyepelekwa chumba cha mashine, Doto ndiye aliyechomwa, Doto ndiye aliyepewa dawa ya kuamsha pumzi. Mkanda wa pili ulipatikana kwa mtoto wa kitanda cha dirishani aliyevuka kilo moja na nusu asubuhi ile, na mama yake aliutoa huku akishangilia. Daktari Tahera aliporudi, alikaa kitandani pa Otilia na kumwita bibi akae naye.

"Bibi, nikwambie ukweli?"

"Niambie, mwanangu."

"Umekosea sana. Mchana wote wa siku tatu Kulwa alikuwa bila mlinzi. Angeacha yeye, hakuna ambaye angejua. Usirudie tena kugusa kitu hapa bila kusema." Akavuta faili. "Na mimi nimekosea. Nimemtazama Doto wiki nzima nikaona mashavu. Usingekosea wewe, ningempa ruhusa Jumatatu aende nyumbani. Nilishaandika."

Akamwonyesha faili. Bibi Eufrazia hakuwa na miwani, lakini aliitazama ile karatasi muda mrefu. Halafu akalia, kilio cha mtu mzima, cha mabega, na Daktari Tahera akamwacha alie bila kumwambia nyamaza. Revelian alileta maji. Aliyaweka mezani, akasimama kama aliyesahau alichotaka kusema, mwishowe akasema, "Bibi, kuanzia leo kwenye wodi hii mapacha wote wawili wanafungwa. Nimeshaiandika ukutani." Na kweli alikuwa ameiandika, kwa kalamu ya wino mwekundu, mwandiko mzuri.

Doto alikaa chumba cha mashine siku sita. Siku mbili za mwanzo aliacha mara tatu, kisha mara moja, kisha hakuacha tena. Jumatano mchana akarudishwa wodini akiwa na kilo moja na mia tisa na hamsini, mkanda kifuani, na wamama wa kangaruu wakampigia vigelegele hadi mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Kulwa naye alikuwa anazidi kuongezeka. Ferdinand alipigiwa simu, akapiga kelele za furaha ambazo hata kitanda cha tatu walizisikia.

Ilipofika saa saba, Otilia akashiba, akajinyoosha kulala. Kulwa alikuwa tayari kifuani kwa bibi. Otilia akamnyanyua Doto ili ampe na huyu.

Bibi Eufrazia hakunyoosha mkono.

"Laza hapo kitandani," akasema. "Nitamwangalia."

"Daktari kasema anataka kifua. Wote wawili, mradi shingo zimenyooka. Umemsikia."

"Nimemsikia. Laza hapo."

Otilia akaketi. Akamwangalia mama yake kwa muda, akaona jinsi mikono yake imejifungia kwenye kitenge kama ya mtu mwenye baridi, saa saba ya mchana, Dar es Salaam.

"Mama, nini?"

"Mie sikuhisi," Bibi Eufrazia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza analitamka. "Alikuwa hapa hapa, Otilia. Kwenye kifua hiki. Anaacha kupumua, mie naimba. Kifua gani hicho kisichohisi mtoto?"

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la chakula cha mchana, sahani zinagongana.

"Na usiku alikuwa kwa nani?" Otilia akauliza.

"Kwako."

"Kwangu. Wiki nzima, tangu tumekuja. Kwani usiku alikuwa haachi? Aliacha mara ngapi, mama? Mie sijui. Mie ndo mama yake na sijui." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikutetereka. "Hakuna kifua kinachohisi kitu kile. Hata cha kwangu. Kuhisi mwachie mkanda, ndo kazi yake. Wewe kazi yako joto. Mkanda hauna joto."

Akasimama, akauvumilia mvuto wa kidonda, akakilegeza kitenge cha mama yake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Akamlaza Doto ziwa la kushoto, akamgeuza uso pembeni, akainyoosha shingo kama walivyofundishwa, akamvuta kofia. Halafu akakaza kitenge na kufunga fundo nyuma, fundo la nguvu, kama alivyofungwa yeye mgongoni miaka ile. Doto akasugua pua kwenye ngozi ya bibi yake, akatafuta tafuta, akatulia.

"Wana joto?" Otilia akauliza.

"Wana joto," Bibi Eufrazia akasema.

Otilia akapanda kitandani, na baada ya muda mfupi akalala. Kishikwambi kilikuwa kimya mezani, na Revelian anakunja nepi huku anakitazama. Bibi Eufrazia aliweka kiganja mgongoni kwa Doto, akaanza kuhesabu pumzi kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Alipofika mia na kitu hesabu ikampotea, na hakuanza upya.